Kuhamisha vyombo kutoka Dar hadi Mbeya: ziba kila nafasi

Barua ya ajira ikitoka na kituo kikiwa Mbeya, mtu wa Dar es Salaam hukimbilia kutafuta gari. Gari lisubiri kidogo. Kwanza jua nini kinakwenda na kila kitu kitakaaje humo ndani, kwa sababu barabara hii ya kilomita 830 hivi ina matuta karibu kila kijiji, ina mlima wa Kitonga, inaanzia kwenye joto la pwani na inaishia mji ulio kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari.

Umbali wenyewe hauvunji vyombo. Kinachovivunja ni nafasi. Sahani iliyoachiwa nafasi ndani ya boksi, boksi lililoachiwa nafasi kati ya kabati na sofa, mzigo mzima uliolegea chini ya kamba: vyote vinacheza, na kinachocheza siku nzima hupasuka, huchubuka au hulegea viungo. Adui wa pili ni maji. Karibu kila ninaloeleza hapa ni namna ya kuziba nafasi au kuzuia maji.

Kwanza punguza

Wiki tatu kabla ya kuondoka, pita chumba kwa chumba na daftari. Vitu vikubwa vipime kwa futi kamba: urefu, upana, kimo. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyokwambia kama unahitaji Canter au Fuso, na kama sofa itapita mlango wa nyumba mpya. Mwombe dalali au mwenyeji wa Mbeya akupimie mlango na kona ya korido. Kumlipa fundi avunje fremu ya mlango jioni ya kushusha mzigo ni gharama isiyo na sababu.

Kabati za MDF, yaani mbao za unga uliogandishwa kwa gundi, ziuze Dar. Skrubu zake zikishatolewa hazishiki tena sawasawa, maana tundu linamomonyoka, na zikisafirishwa zikiwa zimeungwa viungo vinafunguka kwenye matuta ya kwanza. Kabati la mninga ni jambo jingine, hilo lisafirishe. Feni ya mezani moja inatosha, nyingine uza. Kiyoyozi muuzie mwenye nyumba au mpangaji anayeingia, kwa kuwa kukifungua, kukitunza gesi na kukifunga upya kunataka fundi pande zote mbili, na Mbeya hutakihitaji. Fedha hiyo nunua mablanketi mazito: usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10.

Usibebe mchele. Unakwenda mkoa wa Kyela na Mbarali, kwenye mchele wenyewe. Unga, maharage na mafuta ya kula navyo vitumie viishe au mpe jirani, maana chupa moja ya mafuta ikivuja inaharibu godoro lisilosafishika tena. Mbuzi ya nazi, kinu na jiwe la kusagia vichukue kama unavitumia. Ni vizito lakini havivunjiki, na vinakaa vizuri sakafuni mwa gari.

Kuna vitu visivyopanda kabisa: petroli, mafuta ya taa, rangi, thina, makopo ya dawa ya mbu ya kupuliza, viberiti. Chini ya turubai joto linapanda sana na hewa haipiti. Jiki na asidi ya choo navyo viache, kwa sababu vifuniko vyake vinavuja na vinachoma nguo. Mtungi wa gesi ni bora uurudishe kwa wakala au uuze, ukihakikisha kwanza kama kampuni hiyo ina wakala karibu na unakokwenda. Ukilazimika kuubeba, funga valvu, toa regulata na mpira, rudisha kifuniko chake, na usafiri umesimama mahali penye hewa, si katikati ya magodoro. Jenereta mwaga mafuta yote, kisha iwashe mpaka izime yenyewe ili kabureta ikauke.

Kagua kunguni wakati bado una nafasi ya kufanya kitu. Tazama maungio ya chaga, mishono ya godoro na chini ya sofa. Ukiwaona, ita mpulizaji wa dawa kabla ya kufunga chochote, fua mashuka kwa maji ya moto, na mimina maji yanayochemka kwenye matundu ya chaga. Ukiwafunga na mzigo, utawahamishia nyumba nzima.

Maboksi na vyombo vya jikoni

Maboksi mazuri yapo kwenye maduka ya dawa, ya vifaa vya ofisini na ya biskuti. Usichukue yaliyokaa chini kwenye magenge au ya samaki, yana mende na unyevu. Boksi la karatasi za A4 ndilo bora kwa vitabu: limetengenezwa kubeba rimu tano, yaani kilo 12 na nusu hivi, lina mfuniko, na vitabu vinakaa humo bila kulipasua. Vitabu kwenye boksi kubwa ni kosa la kawaida, kitako kinatoka mlangoni. Boksi lolote lisizidi kilo 20. Likizidi, mpakiaji halibebi tena, analiburuta au analitupa.

Kitako cha kila boksi kipigwe tepu pana ya kahawia mistari mitatu kwa urefu na mmoja kwa upana. Selotepu nyembamba ya ofisini inaachia kwenye joto la Dar kabla gari halijafika Chalinze.

Sahani zipangwe wima, zikisimama kwa ukingo kama vitabu kwenye rafu. Zikilazwa, ya chini inabeba uzito wa zote, na tuta moja linatosha kuipasua. Weka kwanza kitako chenye unene wa vidole vinne: magazeti yaliyofinyangwa, taulo kuukuu au mapazia. Kila sahani ifungwe kwa karatasi moja nzima ya gazeti, halafu zibanwe pamoja tano tano. Juu weka tena vidole vinne vya karatasi. Glasi na vikombe vijazwe karatasi ndani kwanza, vifungwe, vikae tabaka la juu mdomo ukiangalia chini. Kisha jaribu: inua boksi, litikise taratibu. Ukisikia mlio, lifungue. Usijiambie kwamba ni mlio mdogo tu.

Chupa ya chai ya kioo ina sehemu dhaifu isiyoonekana. Chini kabisa ya kioo cha ndani kuna ncha ndogo palipozibwa baada ya hewa kutolewa, na ncha hiyo ikigongwa kioo chote kinasambaratika. Kaza kitako cha chupa ili mpira wa ndani ushike kioo, funga taulo nene kuizunguka, na isafiri nawe kwenye basi ikiwezekana.

Sufuria zitumbukizwe moja ndani ya nyingine, kitambaa katikati ili zisikwaruzane, na ile ya ndani kabisa ijazwe vitu vidogo: vijiko, vikaangio, mchi mdogo. Hotpoti zijazwe nguo za watoto. Chombo kitupu ni nafasi unayoilipia. Jagi la blenda litengane na mota. Sahani ya kioo ya maikrowevu itoke ifungwe na sahani nyingine. Jiko la gesi lenye mfuniko wa kioo livuliwe vyuma vya juu na vichwa vya moto, vifungwe pamoja, kisha kioo kifunikwe kadibodi na kufungwa tepu kisifunguke.

Losheni, shampuu, dawa ya meno na mafuta ya nywele yana tatizo la mwinuko. Hewa ya Mbeya ina mgandamizo mdogo kuliko ya Dar kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo hewa iliyofungwa kwenye chupa ya pwani inatanuka na kusukuma majimaji nje ya kifuniko. Minya chupa laini kidogo kabla ya kuifunga ili itoe hewa, weka kipande cha nailoni chini ya kifuniko, kisha tia zote kwenye mfuko wake peke yake.

Nguo hazina kazi kubwa. Zitie kwenye mabegi ya shangazi kaja au viroba safi, lakini baki na nusu yake: mashuka, mapazia, khanga na masweta ndiyo pamba yako ya kuziba nafasi kwenye maboksi na kati ya samani.

Friji, mashine ya kufulia na runinga

Friji izimwe saa 24 kabla ya kupakia, barafu iyeyuke yenyewe. Usiichokoe kwa kisu. Nyingi za sasa zina gesi ya R600a, ambayo inawaka moto, na bomba likitobolewa friji imekufa. Kausha ndani kwa kitambaa, toa rafu za kioo na droo uzifunge pembeni, kausha pia trei ya maji iliyo nyuma juu ya kompresa, ambayo watu huisahau kisha inamwagika njiani. Kunja kitambaa mlangoni ili ubaki wazi upana wa kidole, halafu ufunge kwa kamba usifunguke zaidi. Friji iliyofungwa kabisa siku mbili kwenye joto huota ukungu, na harufu yake haitoki upesi.

Isafiri imesimama. Ikilazwa, oili ya kompresa inaingia kwenye mabomba ya gesi, na ukiiwasha hivyo inaweza kuziba au kompresa ikazunguka kavu. Wapakiaji wataomba kuilaza kwa sababu inaokoa nafasi. Kataa. Kubebwa kwa kuinama kidogo mlangoni hakuna shida. Wasiikamate kwa bomba za nyuma.

Mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele ina boliti za usafirishaji, tatu au nne, zinazopita nyuma na kushika pipa la ndani lisicheze. Fundi aliyeifunga mara ya kwanza alizitoa na pengine ziko kwenye mfuko wa kitabu cha maelekezo. Zirudishe. Bila hizo, pipa linaning'inia kwenye springi na kugonga mwili wa mashine njia nzima mpaka springi au bearingi zinaharibika. Kama zimepotea, ulizia kwa mafundi au banisha pipa kwa masponji magumu. Fungua pia kichujio kidogo cha chini mbele, maji yatoke. Huwa yanabaki zaidi ya lita.

Runinga bapa isafiri imesimama, isilazwe hata kwa dakika kumi, kwa kuwa kioo chake kinapinda kwa uzito wake chenyewe. Boksi lake la asili halina mbadala. Kama hulina, weka blanketi laini mbele, kadibodi ngumu mbili nje, na iingie kati ya godoro na godoro. Skrubu za miguu zitie kwenye mfuko uliofungwa kwa tepu mgongoni mwake, kamwe si upande wa kioo. Piga picha nyaya zilivyo nyuma ya deki na king'amuzi kabla ya kuzichomoa.

Vitanda na samani

Kitanda kifunguliwe, na kila kipande kiandikwe kwa chaki au makapeni mahali kinapokutana na mwenzake: A kwa A, B kwa B. Boliti nyingi za vitanda vya mafundi wetu hutaka spana namba 13, ndogo namba 10. Boliti na nati zake zitie kwenye mfuko mmoja, ufungwe kwenye ubavu wa kitanda hichohicho. Spana zenyewe zikae kwenye begi lako la mkononi, la sivyo utalala chini huku kitanda kiko chumbani. Kama kiungo kimepigwa gundi usikilazimishe, kibebwe hivyo hivyo.

Mbao iliyopigwa vanishi usiivalishe nailoni moja kwa moja. Unyevu wa Dar unafungiwa ndani, jua linapiga, na vanishi inatoka na madoa meupe. Anza na blanketi au kadibodi, nailoni ije juu. Kona za meza na kabati zivikwe kadibodi mara mbili, kwa sababu hapo ndipo kamba inapokata.

Godoro lifunikwe nailoni nzito na lisimame ubavuni. La springi lisikunjwe kabisa. La sponji linaweza kuviringishwa, lakini lisikae limefungwa zaidi ya siku mbili.

Gari na makubaliano

Nyumba ya vyumba viwili na sebule huingia kwenye Canter, ikiwa umepunguza kweli. Kitanda cha Canter kina urefu wa mita nne na kidogo na upana wa mita mbili hivi, lakini pima lile litakalokuja. Malori mengi yanashusha viazi, mchele, ndizi na maharage kutoka Nyanda za Juu kuja Dar, kisha yanatafuta mzigo wa kurudi, na hapo bei inazungumzika. Tatizo ni kwamba sakafu yake ina udongo na majimaji ya viazi. Taka lifagiwe na likauke kabla. Lililobeba samaki au mbolea liache hata likiwa rahisi, harufu inaingia kwenye magodoro.

Andikeni kwa karatasi: ni gari zima au nafasi tu, nani analipa vijana wa kupakia na wa kushusha, nani analipa faini ya mizani, gari linafika siku gani. Neno "gari zima" ni muhimu. Bila hilo dereva anaweza kuongeza vitunguu au mbao njiani juu ya sofa zako. Magari ya kuanzia tani 3.5 huingia mizani, na njia hii ina kadhaa, ikiwemo ya Vigwaza na ya Makambako. Lipa sehemu ya kwanza ya mafuta, salio baada ya kushusha na kuhesabu. Kama mwajiri atakurudishia nauli ya mizigo, muulize mapema kwa maandishi anataka nini. Mara nyingi ni risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na ukikubaliana na mwenye gari asiyetoa risiti hiyo, fedha yako haitarudi.

Chukua barua ya kuhama kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, yenye orodha fupi ya vitu vikubwa. Polisi wakisimamisha lori lenye samani za nyumbani, hasa usiku, barua hiyo na risiti za vitu vipya humaliza maswali. Piga picha namba za gari na leseni ya dereva. Kila kifurushi kipewe namba, iandikwe pande mbili, na orodha iwe nakala mbili zenye sahihi ya dereva. Kwenye boksi andika namba na chumba tu. Orodha ya yaliyomo ibaki kwako, maana boksi lililoandikwa "laptopu na deki" linamwita mwizi.

Kupakia

Hapa ndipo kazi yote inapookoka au kupotea, kwa hiyo usiwaachie vijana peke yao. Tandika turubai sakafuni kwanza, kingo zikipanda ubavuni. Vizito vinakwenda mbele, vikiegemea ukuta wa kibanda cha dereva: friji, mashine, kabati la mninga. Uzito ulingane kushoto na kulia, kwa sababu kona za Kitonga zinalaza gari upande. Vitabu na vinu vikae chini.

Vyombo vya kuvunjika visikae mkiani. Sehemu ya gari iliyo nyuma ya ekseli ya nyuma ndiyo inayorushwa juu zaidi kwenye tuta, na ndiko wapakiaji wanakopenda kuweka maboksi ya mwisho yaliyoandikwa "vioo". Yapeleke katikati, juu ya tabaka tulivu na bapa, godoro likiwa ubavuni. Mkiani weka viroba vya nguo, viti vya plastiki, ndoo na madumu. Kumbuka kwamba ukitoka Dar, Kitonga ni kupanda: mzigo wote unasukumwa kuelekea mlango wa nyuma, kwa hiyo kilichoko pale kibanwe, na kiwe kinachostahimili kubanwa.

Kila safu ikimalizika, sukuma kwa mikono miwili. Ikicheza, ziba kwa mito, mapazia, viroba. Kisha turubai la juu. Kabla ya kulikubali liinue juani ulitazame kwa chini, kila tundu litaonekana kama nyota. Lianze kufungwa mbele, lipande juu, lishuke nyuma, ili upepo usiingie chini yake na kulifumua. Kamba ipite kila mita moja. Za plastiki hulegea zikivutwa muda mrefu, za katani hukaza zikilowa na kulegea zikikauka, kwa hiyo mikanda ya kukaza ni bora ikipatikana. Vyovyote vile, dereva asimame Morogoro akaze upya: kilomita 190 za kwanza ndizo zinazoketisha mzigo. Akaze tena kabla ya kupanda Kitonga.

Vyeti, kitambulisho cha NIDA, barua ya ajira na mkataba havipandi lori. Begi lako la mkononi liwe pia na shuka mbili, blanketi, sufuria moja, sahani na vikombe vichache, ndoo ya kukunja kama unayo, balbu mbili, kufuli jipya, spana, nyundo na bisibisi. Lori linaweza kuchukua siku mbili ukihesabu mizani na kulala njiani, likiharibika ni zaidi, na tarehe ya kuripoti haisogei. Panga gari liondoke angalau siku nne kabla ya siku ya kuripoti. Kama unahama kati ya Desemba na Aprili, ni msimu wa mvua upande wa Mbeya, ongeza turubai la pili.

Kushusha

Simama mlangoni na orodha, mwingine asimame kwenye gari. Namba inasomwa, unaweka alama. Maboksi ya vioo na runinga yafunguliwe dereva akiwepo, kilichovunjika kiandikwe kwenye nakala zote mbili, ndipo salio lilipwe.

Friji isimamishwe mahali pake na iachwe saa kadhaa kabla ya kuchomekwa. Ikiwa ililazwa licha ya kukataa kwako, iache saa 24. Iweke sentimita kumi kutoka ukutani ili joto la nyuma litoke. Mashine ya kufulia itolewe zile boliti kabla ya kuwashwa, la sivyo itaruka chumba kizima na kujivunja yenyewe. Zihifadhi kwa uhamisho mwingine.

Samani za mbao zilizozoea unyevu wa Dar zitasinyaa kwenye hewa kavu ya Mbeya, hasa ukifika kati ya Juni na Oktoba. Utasikia zikialika usiku, na droo zilizokuwa zikikaba zitaanza kupita wazi. Ziweke mbali na dirisha linalopigwa na jua na mbali na jiko la mkaa. Vitanda vikaze siku ya kwanza kiasi cha kulalia, kisha rudia kwa spana baada ya wiki sita au nane mbao ikishatulia. Ukikaza kwa nguvu zote siku ya kwanza na usirudie, boliti zitalegea na kitanda kitaanza kulia.